Majina ya familia zilizokimbia vita yasibaki wazi kwenye kompyuta za ofisi

Katika ofisi nyingi ndogo za mashirika mashariki mwa Kongo, kompyuta moja inatumiwa na watu wengi. Asubuhi anakaa anayeandika ripoti. Saa nne anakuja anayechapisha orodha ya ugawaji. Mchana stajiere anasoma barua pepe zake. Katikati ya hayo yote, WhatsApp ya mmoja wao iko wazi kwenye skrini. Ujumbe unaingia, picha zinaingia, faili za Excel zinaingia. Hakuna anayeshituka, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanyika kila siku.

Ndani ya faili hizo kuna majina. Kuna jina la mama mwenye familia, jina la mume wake au neno «mjane», idadi ya watoto, nambari ya simu, kijiji alichotoka, mtaa na avenyu anapolala sasa. Wakati mwingine kuna safu inayosema nani ni mgonjwa, nani ana mimba, nani alibakwa na anapaswa kupelekwa hospitali. Mama huyo alitoa habari hizo akiwa amesimama kwenye mstari chini ya jua, maana aliambiwa kwamba asiyeandikwa hatapata jeton, na asiye na jeton hatapata unga, mafuta wala turubai. Hakuna aliyemwambia kwamba jina lake litalala kwenye kompyuta ambayo kila anayeingia ofisini anaweza kuisoma.

Ofisi yoyote inayoshika majina ya watu inapaswa kuchagua programu moja ya ujumbe wa kazi, kuiweka yenyewe kwenye kompyuta zake zote, na kushika yenyewe funguo za kila akaunti. Ikiacha kila mtumishi alete ya kwake, hatari inabebwa na familia zilizokimbia vita, nazo hazikuulizwa.

Hakuna aliyechagua

Ukiuliza mkuu wa ofisi ndogo kwa nini wanatumia WhatsApp kwa kazi, mara nyingi jibu ni kwamba kila mtu alikuwa nayo tayari. Kikundi cha kwanza kilifunguliwa kwa ajili ya mkutano mmoja. Kikaongezwa cha pili kwa ajili ya tathmini, cha tatu kwa ajili ya wakuu wa bloku, cha nne kwa ajili ya ugawaji wa mwezi fulani. Vikundi vimebaki. Walioingia wameingia, walioacha kazi wengine bado wamo, na hakuna anayejua orodha ngapi zimepita humo.

Haki itendeke: WhatsApp ina sababu nzuri za kupendwa. Inafanya kazi kwenye simu ya bei ndogo. Inakula mega kidogo. Rais wa kambi anayo, mkuu wa mtaa anayo, muuguzi wa kituo cha afya anayo. Wakati wa mapigano ya mwisho wa Januari 2025 mjini Goma, na mwezi wa Februari kambi za pembeni ya mji zilipovunjwa na watu kutawanyika kuelekea Sake, Masisi, Rutshuru na Minova, ni simu hizo hizo zilizosaidia ndugu kutafutana. Mtu anayesema WhatsApp itupwe hajui maisha ya huku.

Lakini kuwasiliana na watu ni kazi moja, na kutunza majina yao ni kazi nyingine. Kisu kinachokata mboga vizuri hakitumiwi kupasua kuni.

Ujumbe umefungwa njiani, uko wazi mezani

Wengine wanajibu kwamba ujumbe wa WhatsApp umefungwa, hakuna anayeweza kuusoma. Ni kweli kwa sehemu. Tangu mwaka 2016, ujumbe wa WhatsApp unafungwa kutoka simu ya anayetuma hadi simu ya anayepokea, na aliye katikati ya njia hausomi. Ila ulinzi huo ni wa njiani tu. Ujumbe ukishafika na kufunguliwa kwenye skrini, ni maandishi kama mengine. Anayepita nyuma ya kiti anayasoma.

Kuna jambo lingine ambalo watumishi wengi hawalijui. Akaunti moja ya WhatsApp inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, na siku hizi simu si lazima iwe karibu wala iwe imewashwa. Kompyuta inaendelea kupokea ujumbe peke yake. Inakatwa yenyewe tu kama simu haikutumiwa kwa zaidi ya siku 14. Chukua mfano wa mtumishi aliyehama kutoka Goma kwenda Kampala au Kisangani na anaendelea kutumia simu yake kila siku. Kompyuta aliyoiacha Goma inaweza kubaki imeunganishwa na akaunti yake, na aliyekaa kwenye kiti chake anaweza kusoma kila kitu kinachoingia.

Tena, faili iliyopakuliwa kwenye kompyuta haiondoki mtu anapofunga WhatsApp. Inabaki kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa. Mashine nyingi za ofisi, ukifungua folda hiyo, zina orodha za miaka kadhaa zimelala pamoja na nyimbo na picha za harusi.

Madhara yake yanaeleweka na kila mkaaji wa Kivu na Ituri. Hapa jina la mtu na kijiji alichotoka vinatosha kumfanya mwingine adhani anajua yuko upande gani. Orodha ya watu waliotoka eneo fulani, pamoja na nambari zao za simu na mahali wanapolala usiku, ikianguka mikononi mwa mtu mbaya, inaweza kuwa hukumu ya kifo. Hata bila bunduki kuna madhara. Msichana aliyeandikwa kwenye orodha ya waliobakwa, jina lake likitembea mtaani, atapoteza kile kidogo alichobaki nacho. Na matapeli wanaopigia simu wakimbizi wakidai pesa «za kufungua jeton» wanahitaji kitu kimoja tu: nambari sahihi na jina sahihi.

Redio za jamii nazo zimo katika jambo hili. Kila siku wasikilizaji wanatuma ujumbe studioni wakisema barabara fulani ina kizuizi, kijiji fulani kimechomwa, mkuu fulani anatoza watu. Nambari zao zinaonekana kwenye kompyuta ya studio, na studio ni mahali wanapoingia wageni wengi. Redio inayowahimiza watu kusema ukweli ina deni la kulinda aliyeusema.

Njia tatu za kuweka programu

Kuna programu zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi ya ofisi: Slack, Microsoft Teams, Mattermost, Rocket.Chat, Element na nyinginezo. Watu wengi wanapoteza muda kubishana ni ipi nzuri zaidi. Swali linalopaswa kutangulia ni nani ataiweka kwenye mashine na namna gani, maana programu nzuri iliyowekwa ovyo inarudisha ofisi pale pale ilipokuwa.

Njia ya kwanza ni kumwacha kila mtumishi apakue mwenyewe. Slack ya Windows, kwa mfano, ikipakuliwa kwa njia ya kawaida inaingia kwenye folda ya mtumiaji huyo peke yake, bila kuomba ruhusa ya fundi. Ni rahisi, na inajisasisha yenyewe. Ubaya wake ni kwamba ofisi haijui nani ana nini. Na pale mashine moja ina watumiaji watano, nakala zinaweza kuwa tano. Teams ya zamani ilikuwa hivyo: kila mtu aliyefungua kompyuta alitengenezewa nakala yake, ya mamia ya megabaiti. Kwenye kompyuta kuu kuu yenye diski ndogo, nafasi iliisha na mashine ikawa nzito. Teams mpya inawekwa mara moja kwa mashine nzima.

Njia ya pili ni fundi kuiweka mara moja kwa ajili ya mashine yote. Kampuni nyingi zinazotengeneza programu hizi zinatoa pia kifurushi maalumu kwa mafundi. Fundi anakipakua mara moja, anakitia kwenye kle ya USB, anazunguka mashine moja hadi nyingine. Kwa ofisi ya hapa hiyo ni faida kubwa: mega zinatumika mara moja badala ya mara kumi. Kila mtumishi anafungua kompyuta kwa jina lake na neno lake la siri, anaingia kwenye akaunti aliyopewa na ofisi, na akitoka anafunga. Ubaya ni kwamba programu iliyowekwa hivyo mara nyingi haijisasishi yenyewe. Fundi lazima arudi na kifurushi kipya. Ofisi isiyo na fundi wa kudumu inapaswa kuandika tarehe kwenye kalenda na kumwita, kama inavyomwita anayepima mafuta ya jenereta.

Njia ya tatu ni kutumia kivinjari tu, bila kuweka kitu chochote. Inafaa kwa mashine dhaifu yenye memori ya GB 4 au chini yake, maana programu kama Slack zinabeba kivinjari kizima ndani yake na zinakula memori sana. Kwa kivinjari, toleo ni jipya kila wakati. Hatari ni ile ya kusahau kufunga, na ile ya kivinjari kinachouliza kama kihifadhi neno la siri na mtu anabonyeza «ndiyo» bila kusoma.

Kwa ofisi zinazoshika majina ya watu, njia ya pili ndiyo inayofaa kwa mashine za kazi za kila siku. Ya tatu iwe kwa mashine kuu kuu na kwa wageni. Ya kwanza ikatazwe, hata kama inapendeza. Na kabla ya programu yoyote, kila mtumishi awe na mlango wake kwenye kompyuta. Mashine ambayo watu sita wanaifungua kwa neno moja la siri lililoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya skrini haiwezi kulindwa na programu yoyote duniani.

Ujumbe unalala wapi?

Swali la pili ni mahali ujumbe unapohifadhiwa. Slack na Teams zinauhifadhi kwenye seva za kampuni zao, mbali na Kongo. Mattermost, Rocket.Chat na Element zinaruhusu ofisi iwe na seva yake.

Wapo wanaosema seva iwe yetu, iwe hapa hapa, ili tusitegemee wageni. Wazo hilo lina heshima, na lina faida yake. Watu wanakumbuka kwamba tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti na SMS vilikatwa nchini kote, na vikarudi karibu majuma matatu baadaye. Seva iliyo ndani ya ofisi inaendelea kuunganisha kompyuta za ofisi hiyo hata intaneti ikikatwa, mradi kuna moto.

Lakini wakaaji wa Goma wanajua pia upande mwingine. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye mitaa 10 kati ya 18 ya mji iliamriwa kuhama. Watu waliondoka na watoto na magodoro. Nani angebeba seva? Katika siku za mwisho za Januari 2025, maghala ya mashirika yaliporwa. Anayepora halichagui sanduku kwa kusoma maandishi yake. Anabeba kompyuta na seva, na majina yaliyomo yanaondoka pamoja nazo.

Kwa hiyo ofisi ndogo isiyo na fundi wa kudumu, isiyo na betri za kutosha na isiyo na mlango wa chuma, isijidanganye kwamba seva chini ya meza ni salama. Afadhali itumie huduma iliyo mbali na inayolindwa na watu wanaoijua kazi hiyo. Shirika kubwa lenye mafundi linaweza kuwa na seva yake, ila iwe mji mwingine au nchi nyingine, na diski za kompyuta zilizo hapa zifungwe kwa neno la siri ili anayeiba mashine apate chuma tu.

Somo lililotoka Geneva

Hata wakubwa wanaumia. Tarehe 18 Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iligundua kwamba wavamizi wameingia kwenye seva zake. Walikuta habari za watu zaidi ya 515,000, zilizokusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60. Wengi wao walikuwa watu waliotenganishwa na ndugu zao kwa vita, uhamaji au maafa, watu waliopotea na familia zao, na wafungwa. Kamati yenyewe ilieleza kwamba wavamizi walikuwa ndani tangu tarehe 9 Novemba 2021, na kwamba waliingia kupitia programu moja iliyokuwa na tundu linalojulikana. Dawa ya kuliziba tundu hilo ilikuwepo, lakini haikuwekwa kwa wakati.

Kamati ilisema wazi kilichotokea. Huo ni mfano wa kufuata. Lakini somo kubwa ni lile la tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama shirika lenye mafundi wengi lilichelewa kuweka sasisho moja, ofisi ya watu wanane ambayo haijasasisha kitu tangu mashine iliponunuliwa iko katika hali gani? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kutoa masasisho ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za hapa bado zinatumia Windows 10 au ya zamani zaidi. Kabla ya kununua programu mpya ya ujumbe, mkuu wa ofisi aulize mashine zenyewe zina umri gani.

Mtumishi anapoondoka

Mikataba ya kazi za mashirika ni mifupi: miezi mitatu, miezi sita, wakati mwingine siku kumi za tathmini. Watu wanaingia na kutoka. Hapo ndipo tofauti ya akaunti ya mtu na akaunti ya ofisi inaonekana.

Mtumishi aliyefanya kazi kwa WhatsApp yake mwenyewe anaondoka na kila kitu mfukoni. Hata kama ni mtu mwaminifu, simu yake inaweza kuibiwa na mpita njia, au kuombwa na kufunguliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Akikutwa na orodha za watu wa eneo fulani, yeye mwenyewe yuko hatarini. Kumwondolea orodha kwenye simu yake ni kumlinda pia. Watumishi wanaodhani kwamba hatua hizi ni za kuwashuku wangefikiria hilo.

Kwa akaunti ya ofisi, siku ya mwisho ya mkataba mtu mmoja anabonyeza mahali pamoja na akaunti inafungwa kwenye kompyuta na kwenye simu. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote za programu za kazi. Lakini inategemea mtu huyo mmoja kuwepo. Wawe wawili, si mmoja, ili mmoja akiugua au akikimbia mji, mwingine afunge. Na majina yao yajulikane kwa kila mtumishi.

Wanaosema pesa hakuna

Pingamizi kubwa litakuwa la pesa, na ni la kweli. Slack na Teams zinauzwa kwa kichwa kwa mwezi, na benki za Goma zilifungwa Januari 2025, hivyo hata kulipa kukawa shida. Mpango wa bure wa Slack unaonyesha ujumbe wa siku 90 tu. Kwa anayetaka kumbukumbu, huo ni upungufu. Kampuni hizo zimekuwa na mipango ya bei nafuu kwa mashirika yasiyotafuta faida, na ofisi nyingi haziombi kwa sababu hazijui. Mattermost na Element zina matoleo ya bure. Kinacholipiwa ni fundi na mahali pa kuweka seva.

Tena kuna hatua ambazo hazidai hata faranga moja. Orodha yenye majina isitumwe tena kwenye kikundi cha WhatsApp. Pale inapobidi kuandika haraka, itumwe nambari ya jeton bila jina: «jeton 214 hajapata turubai» inatosha kwa anayehusika, na haimwambii mwingine kitu. Kila Ijumaa kila mtumishi afungue WhatsApp ya simu yake, aende kwenye «Appareils connectés», akate kila kompyuta asiyoitumia. Folda za vitu vilivyopakuliwa zisafishwe. Ofisi yoyote inaweza kuanza juma hili.

Pingamizi lingine linasema: watu wana njaa, nanyi mnazungumza kompyuta. Lakini mwenye njaa huyo ndiye anayeogopa kuandikwa. Familia ikisikia kwamba orodha zinatembea, itatoa jina la uongo au itakaa nyumbani kwa familia iliyoipokea, na ugawaji utapita bila kuifikia.

Sheria nayo ipo. Ordonnance-loi nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayoitwa Code du numérique, imeweka kanuni za kulinda habari binafsi za watu nchini Kongo. Wafadhili wanaodai picha, sahihi na nambari za simu za kila aliyepokea sabuni wangeanza kwa kuuliza picha hizo zinatumwa kwa njia gani, na kulipia njia iliyo salama. Haifai mfadhili kudai ushahidi wa kila jeton na kukataa kulipa mshahara wa fundi mmoja.

Kuanza polepole, na kwa tarehe

Ofisi inayotaka kubadilika isifanye kila kitu kwa siku moja. Ianze na watu wawili au watatu na mashine mbili, kwa mwezi mmoja, ione moto ukikatika inakuwaje, mega zinakwisha namna gani, nani anashindwa. Kisha iwafundishe wengine, na zaidi wale wa umri mkubwa ambao wanaona haya kuuliza. Kisha itangaze tarehe: kuanzia siku hiyo, orodha hazipiti tena WhatsApp, wala kwa mkuu mwenyewe. Mahali pengi sheria hizi zinakufa kwa sababu mkuu wa ofisi ndiye wa kwanza kuandika «nitumie hiyo liste hapa, nina haraka».

WhatsApp itabaki kwa kazi yake: kumwita rais wa kambi, kutangaza saa ya mkutano, kuuliza barabara iko namna gani. Mkuu wa bloku hatawekewa Teams kwenye simu yenye skrini iliyopasuka, wala haina haja.

Familia ziulize

Familia zilizokimbia vita, na zile zilizowapokea, zina haki ya kuuliza maswali matatu siku ya kuandikwa. Jina hili litakaa wapi? Nani ataliona? Lini litafutwa? Anayeandika asipojua kujibu, aulizwe mkuu wake. Kamati za wakimbizi na viongozi wa mitaa wanaweza kuuliza kwa niaba ya wote, ili mama mmoja asionekane msumbufu na kunyimwa jeton. Anayeulizwa asikasirike. Swali hilo ni sawa na la mtu anayeacha mtoto wake kwa jirani na kuuliza atarudi kumchukua wapi.

Wengi wa waliotoka Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Kalehe waliacha nyumba, mashamba na ng'ombe. Wamekuja mjini na jina lao na nambari ya simu. Ofisi iliyoomba vitu hivyo viwili ili itoe kilo chache za unga inapaswa, kabla ya kufunga mlango jioni, kuhakikisha kwamba kompyuta nayo imefungwa.